Chanjo Niliyoitia Masizi

Naanza na aibu yenyewe, maana nikianzia mbali nitaikwepa, najijua. Mimi mnayeniona hapa nimetulia na kanga zangu, binti wa Mwalimu Yohana wa Mkunya, niliyesoma zaburi kanisani kwa sauti ya kujisikia mpaka wenzangu wakanichoka, niliwahi kusimamishwa uwanjani mbele ya kanisa zima, Waislamu wa jirani nao wamo, mkono wazi mpaka begani, unatiririka maji meusi, na baba yangu mzazi amesimama pembeni. Chekeni tu, hata mimi huwa nacheka nikifika hapo. Nyuma ya hapo kuna kipande kingine, na hicho sijawahi kukicheka.

Enzi zenyewe zilikuwa za Mwingereza, zile za mwishomwisho, watu wameshaanza kunong'ona habari za uhuru lakini jumbe bado ni jumbe, na Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, akipita na gari lake kutoka Newala bado mnasimama kando ya njia mkila vumbi. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali, mikorosho inatoa maua, na kutoka bondeni kwa Ruvuma ikapanda habari kwamba ndui imeingia. Si kwa wingi, nyumba hapa, nyumba pale, lakini ndui haihitaji wingi ili watu waiogope. Wazee wetu waliokuwa na mashimo usoni walikuwa ushahidi wa kutosha, tuliwaona kila siku.

Sasa huko bondeni ndiko alikoolewa dada yangu Rozi. Niwaambie Rozi ni nani kwangu, vinginevyo habari hii haitawauma. Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado sijaota meno ya mbele vizuri, na Rozi, naye mtoto tu, ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini, watu wakimwambia, "Mteremshe huyo, mkubwa," naye anasema, "Bado." Alinisuka, alinifundisha kusonga ugali, alinipiga nilipostahili kupigwa. Akaolewa na Danieli, kijana mpole wa kule chini, na baada ya kusubiri sana akapata mimba yake ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwao, kwa wanawake wa upande wake, na Rozi hakuwa na mama wala shangazi wa karibu, alikuwa na mimi. Alishaniambia mapema kabisa, "Siku hiyo nataka mkono wako mgongoni kwangu, si wa mtu mwingine."

Basi ndui ilipoingia, jumbe akalaza gogo katika njia ya mteremkoni na kumweka hapo tarishi wake, Mzee Issa, mtu aliyepigana vita vya Burma na bado alikuwa anavaa kofia ya jeshi iliyochakaa. Amri ilikuwa nyepesi: wa bondeni asipande, na wa juu asishuke ila yule aliyechanjwa na chanjo yake ikaota. Mzee Issa hakutaka maneno wala maandishi, alitaka kuona mkono. Rozi na tumbo lake hakuweza tena kupanda kuja kwetu, na mimi ili nishuke nilihitaji chanjo. Dada yeye alichanjwa utotoni, kovu lake lilikuwapo. Mimi siku waliyochanjwa watoto wa rika langu nilikuwa na ukurutu, viwiko na nyuma ya magoti vyote vimechubuka, na yule mchanjaji wa zamani akasema mtoto mwenye ngozi ya namna hii asubiri kwanza apone. Ukurutu ulipona, nami nikaendelea kusubiri mpaka nikawa mwanamwali.

Danieli akaja mpaka kwenye gogo, akasimama upande wake, sisi upande wetu, tukaamkiana kwa mbali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio hajambo?"

"Hajambo, ila tumbo limeshuka. Bibi mmoja wa kule anasema mwezi huu hauishi. Ananisumbua kila siku, Magda yuko wapi, Magda yuko wapi."

"Mwambie bwana afya anakuja Jumapili," Baba akasema. "Magda atakuwa wa kwanza kuchanjwa na wa kwanza kushuka. Mimi Yohana nimesema."

Jumapili bwana afya akaja kweli, na baiskeli yake, kutoka upande wa Masasi, Myao mmoja mtaratibu, shati jeupe, sanduku lake la dawa amelifunga kwa kitambaa kilicholowa maji lisipate joto. Baada ya ibada watu wakajaa uwanjani, Wakristo kwa Waislamu, kwa kuwa ndui haiulizi mtu anasali wapi. Na mnajua watu wa kwetu, siku hizo kila mtu alikuwa na mapenzi na sindano. Miaka michache nyuma walikuja watu wa kutibu buba, wakadunga sindano, vidonda vikakauka, basi sindano ikawa ndiyo dawa na dawa ikawa ndiyo sindano. Walipoona bwana afya anatoa kisindano kidogo cha kukwaruzia tu, manung'uniko yakaanza.

"Mimi nilishadungwa ya buba," akasema mama mmoja. "Ninayo tele mwilini, sihitaji tena."

Bwana afya akamwambia, "Ile, mama, ilikuwa dawa ya ugonjwa ulioshaingia. Hii ni ya kuuwahi kabla haujaingia. Ya buba haijui habari za ndui, na ya ndui haijui buba."

Mzee Issa, ambaye siku hiyo alikuwa ameacha gogo kwa mwenzake ili aje aonekane, akapata nafasi yake. "Mimi kabla ya kupanda meli walinichanja ndui, wakanidunga ya homa ya manjano, wakanidunga ya homa ya matumbo, na nyingine hata jina hawakuniambia. Mkono huu ulikuwa hauinuki. Kwa hiyo mimi nimekwisha maliza."

"Hukumaliza, mzee," akajibu bwana afya. "Hiyo ya ndui ni ya zamani, nguvu yake imepungua, na wewe ndiye unayekaa njiani. Wewe rudia. Homa ya manjano hapa hatuna shida nayo, hiyo ni ya wasafiri." Mzee Issa akakunja mkono wa shati bila kubisha, watu wakacheka.

Akaendelea kuwapanga: watoto wachanga waliokwisha kukaza shingo waletwe, watu wazima wasio na kovu waje, wenye kovu la siku nyingi warudie, mwenye homa asubiri, mtoto mwenye ukurutu asubiri labda ndui iwe imeingia nyumbani mwao kabisa, na wale wazee wenye mashimo usoni wakae zao kivulini, wao walishalipa. Baba akatoa hotuba yake fupi (fupi kwa Baba) kwamba yeye hatatuma watoto wa watu mbele na kumficha wa kwake, kisha akanishika bega akanisogeza. Nikachanjwa wa kwanza. Tone la dawa, halafu mkwaruzo mdogo, mstari mmoja, hata machozi hayakutoka. Halafu bwana afya akatutangazia wote: "Acheni pakauke penyewe. Msioshe, msikune, msipake kitu, si mafuta, si majani, si majivu. Nitarudi Jumapili ijayo kuona kama imeota." Mbona masizi hakuyataja, nilijitetea hivyo moyoni kwa miaka mingi.

Maana mkosi wangu wote ni masizi. Lazima mjue kwamba nyumbani kwetu chale zilikatazwa. Wasichana wenzangu walikuwa nazo, wengine shavuni, wengine tumboni, dinembo za Kimakonde zilizokatwa na fundi na kusuguliwa masizi ya mbegu za nyonyo zikabaki na rangi ya buluu ya kupendeza, ukizipapasa zinapanda na kushuka chini ya kidole. Baba alisema binti wa mwalimu hatachorwa, basi, mwisho. Nikienda kuoga na wenzangu nilijiona mtupu, ngozi yote iko wazi kama ukuta usiopakwa chokaa. Niliwaonea wivu, na wivu wa usichana mnaujua ulivyo.

Sasa nimerudi nyumbani nimeketi nyuma ya jiko, natazama mkono wangu, naona mkwaruzo mbichi uliochanjwa na serikali, mbele ya kanisa, kwa idhini ya Baba mwenyewe. Nikajiambia, Magdalena, Mungu akupe nini tena. Hapo pameshakatwa tayari, hujakata wewe, kilichobaki ni rangi tu, na kovu lenyewe litakuwapo maisha yote, kwa hiyo kuna ubaya gani likiwapo likiwa zuri? Nikaenda kwa rafiki yangu Tekla, ambaye bibi yake alikuwa fundi wa chale na masizi ya nyonyo yalikaa kwao ndani ya kifuu cha nazi. Tekla akautazama mkono wangu, akakunja uso.

"Chale moja haikai peke yake," akasema. "Watu watadhani ulikwama kwenye mwiba."

"Basi tufanyeje?"

"Ziwe tatu. Ziungane hapa, zipande hivi."

Akatoa kiwembe cha bibi yake. Nilitaka kusema hapana, nawaapia, lakini nilikwisha kuiona ile picha kichwani, mistari mitatu imepanda begani mwangu chini ya kanga, na mimi naoga kisimani bila haraka. Akakata mbili, akaupitisha wembe tena kwenye ile ya bwana afya ili zilingane, akapangusa damu kwa kanga, akasugua masizi mpaka nikauma meno. Ilikuwa nzuri. Hilo sitalikana hata leo, mkono wa Tekla ulikuwa mwepesi na zile chale zilikuwa nzuri.

Siku zikaanza kwenda, na mikono ya wenzangu ikaanza kuota. Kwanza kipele, kisha lengelenge, kisha usaha, makwapa yakavimba, watoto wakalia usiku, mama zao wakalalamika kisimani kwa furaha kwa sababu waliambiwa hiyo ndiyo dalili ya kushika. Mkono wangu ulifanya kigaga cheusi cha kawaida, kikawasha kidogo, basi. Baba akawa ananiuliza kila asubuhi kabla ya kwenda shule, "Magda, imeota?" nami na gauni langu la mikono mirefu najibu, "Imeota, Baba," na kila nilipolisema neno hilo lilizidi kuwa jepesi. Naye akawa analitembeza kijijini: mwanangu imemwotea vizuri, Jumapili hiyohiyo atashuka kwa dada yake, nimeshamwandalia mhogo mkavu wa kubeba.

Asubuhi ya Jumapili ya ukaguzi ndipo akili ikanijia, na heri isingenijia kabisa. Nikawaza, bwana afya akiona masizi nimekwisha, lakini masizi yakitoka na ngozi ikavimba vimba kidogo, huenda atadhani imeota. Baba alikwisha tangulia kanisani kupiga kengele. Nikachukua gunzi la mahindi, nikachukua mtungi, nikaanza kujisugua. Ninyi mliozaliwa na bomba hamtaelewa, lakini sisi kule juu maji tulikuwa tukiyafuata chini mteremkoni, unaondoka jogoo hajawika unarudi jua limepanda, na tangu gogo lilazwe vile visima vya chini tulikatazwa, tukabaki na kisima kimoja kinachotoa maji kwa huruma yake. Mtungi ule ulikuwa maji ya nyumba nzima. Nikayamwaga yote mkononi kwangu. Masizi ya nyonyo yakishaingia hayatoki, kazi yake ni hiyo, yakatoka yale ya juu tu na vigaga na damu, mkono ukawa mwekundu na mweusi pamoja, nikavaa gauni langu juu ya uchafu ule, nikakimbilia kanisani. Hata kile kipindi cha zaburi nilisoma mkono unaniwaka.

Ibada ikaisha, watu uwanjani tena. Bwana afya akaketi kwenye kiti cha sakristia, akasema kabla hajashika mikono ya watu angependa kunawa. Na Baba, kwa fahari yote, nyumba yetu ikiwa hatua chache kutoka kanisani, akaniita mbele ya watu wote, "Magda, mletee mgeni maji."

Nikasimama, nisiende.

"Magda. Maji."

"Hakuna maji, Baba."

"Jana usiku mtungi ulikuwa umejaa."

Baba si mtu wa kuachia jambo likae hewani, akaenda mwenyewe nyumbani, sote tukimwona, akaingia, akakaa kidogo, akatoka ameshika mtungi mtupu kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine lile gunzi, nusu yake nyeusi tititi. Mama mmoja jirani akatoa kata ya maji kwake ili mgeni asiaibike, mgeni akanawa, na huku ananawa akawa anatazama gauni langu. Nikatazama na mimi. Jasho na ule unyevu vilikuwa vimeyashusha masizi, mstari mweusi umetoka kwapani mpaka kiwikoni, na mwingine unafuata.

"Njoo, binti Mwalimu," akasema. "Pandisha mkono wa gauni."

Nikapandisha. Akautazama. Akauleta karibu na macho. Akapitisha kidole, kikarudi cheusi. Akauliza bila ukali wowote, "Mimi nilichanja mstari mmoja tu. Hii mingine amechanja nani?"

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na mwingine, na Tekla nikamwona anarudi kinyumenyume mpaka akapotea nyuma ya kanisa, halafu uwanja mzima. Sauti moja ikasema afadhali ningepaka utomvu wa korosho, kovu lingekuwa kubwa zaidi. Mzee Issa alikuwa ameshika kofia yake machoni. Bwana afya akangoja mpaka watu wapumue, akawageukia: "Ile dawa ni kitu kilicho hai, kinahitaji kuachwa kishike. Ukikikwangua kwa wembe na kukifuta na kukitia masizi, kinaondoka na masizi yako. Huyu hana chanjo. Ana chale." Akanigeuza, akanichanja mkono wa pili palepale, akaniambia Jumapili nyingine.

Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema tu, polepole, mimi ndiye niliyekuwa karibu nisikie, "Na Rozi je?"

Ndipo nikakumbuka, jamani. Wiki ile yote nilikuwa nafikiri juu ya kukamatwa na juu ya gauni na juu ya watu, na dada yangu alikuwa bondeni anahesabu siku kwa ajili yangu.

Jioni hiyo Danieli alikuja kwenye gogo kunipokea kama tulivyoahidiana. Nikaenda peke yangu kumwambia, Baba hakutaka kutoka nje. Mzee Issa ameketi pale amerudi kazini, anatusikiliza bila kujificha.

"Shemeji," nikasema, "siji leo. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Magda, mwenzio hana wiki."

"Najua."

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Hapana. Nimepata udhuru."

"Udhuru gani? Nikamwambie nini?"

Nilimtazama shemeji yangu, mtu mpole ambaye hajawahi kunicheka, nikaona haiwezekani kabisa, haiwezekani kinywa changu kitamke masizi mbele yake. Vicheko vya uwanjani vilikuwa bado vinanilia masikioni. Nikasema, "Mwambie udhuru tu. Tafadhali, shemeji, usiniulize, na akikuuliza sana wewe mwambie hujui."

Mzee Issa akakohoa. "Binti, mwambie mwenzako ukweli aende nao. Mficha uchi hazai."

"Mzee, niache."

Akaniacha. Danieli naye akageuka akashuka, nami nikamwona anavyoshuka, kichwa chini, mtu aliyepewa mzigo asioujua una nini.

Chanjo ya pili iliota, na iliniadhibu. Nilipata homa, kwapa likavimba, usiku silali, na kila ilipouma nilisema vizuri, uma. Sikukuna, sikuosha, sikuitazama hata kwa jicho la upendo. Jumapili bwana afya akauona mkono akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanifunga kitambaa safi, akaniambia niuache umefungwa, na kwamba nikikuta mtoto mchanga nisimkumbatie upande ule mpaka kigaga kianguke chenyewe, maana zamu ya mtoto kuchanjwa itafika akiwa na miezi kadhaa, si kabla. Mzee Issa akanifungulia njia bila utani. Nikashuka na mhogo wangu kichwani karibu nikimbie.

Nilipoingia uani kwao wanawake walikuwa wanatwanga. Mmoja akaniona, akaacha mchi ndani ya kinu, akamshika mwenzake. Hawakunikaribisha, walinitazama tu. Mama mkwe wa Rozi akatoka jikoni, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Rozi, mwanangu, toka. Toka polepole."

Rozi akatoka. Alikuwa amekonda, kanga imemlegea, na mtoto mdogo sana mkononi, kumbe alijifungua juzi yake. Alisimama mlangoni akanitazama kwa muda mrefu. Akamkabidhi mama mkwe mtoto bila kumwangalia. Akaja akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanipapasa mashavu, paji, midomo, kama anayetafuta kitu, nami nikadhani anatafuta ndui.

"Uko hai," akasema.

"Niko hai, dada. Kwa nini nisiwe hai?"

"Nilishakulilia, Magda. Nilimuuliza Danieli udhuru gani, akaangalia chini. Nikamuuliza tena, akasema hajui. Danieli hajui kusema uongo. Nikajua ndui imekuchukua, nao wananificha kwa sababu ya hali yangu."

Na kweli kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamke mwenye mimba hapewi habari ya msiba, watu watamwambia mtu kasafiri, mtu kapata udhuru, neno lolote, mpaka ajifungue apate nguvu. Rozi alilijua hilo tangu utoto, hata Mama alipofariki ndivyo tulivyoambiwa kwanza, kwamba amepata udhuru. Nami nilichagua neno hilohilo.

"Nilikulilia huku nasukuma mtoto," akasema. "Mama mkwe anadhani ni uchungu, ananiambia jikaze, karibu. Mimi silii uchungu."

Hapo nikamwambia. Nikiwa nimesimama uani, wanawake wote wanasikia, na michi imesimama. Nikamwambia habari za Tekla na kiwembe, za mistari mitatu, za gunzi, mtungi, uwanja, kidole cheusi cha bwana afya. Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauangalia mkono ule wenye chale, akasema, "Masizi." Kisha akasema, "Ungetuma neno hilo tu. Ningecheka, ningezaa nacheka."

Mtoto alikuwa wa kike. Nilimwona usoni, nikamtazama akinyonya, sikuweza kumpakata vizuri kwa ajili ya mkono wangu uliofungwa, nikawa mtu wa kufua nguo zake na kuchota maji. Rozi hakunitaja vibaya kwa mtu yeyote, na miaka ya baadaye tulipokuwa tumekaa na watoto wetu alipenda sana kuwahadithia ile sehemu ya gunzi na kanisa, akiniigiza ninavyosema hakuna maji Baba, mpaka anafuta machozi. Ya bondeni hakuihadithia hata mara moja. Nilijua kwamba anairuka, naye alijua kwamba najua.

Chale zangu bado ninazo, zimefifia lakini zipo. Wajukuu wakipelekwa chanjo zao, za surua, za kupooza, za kifaduro, mimi ndiye ninayewashikia mkono na kuwakaripia mama zao wasipake kitu, watu wananiona bibi mkali. Ila nadhiri niliyoweka haihusu masizi. Nilijiapia kwamba mtu anayenisubiri sitamtumia neno udhuru maisha yangu yote. Siku hizi hata nikichelewa kutoka sokoni namtuma mtu aende mbele akawaambie wa nyumbani kwa nini nimechelewa, na aseme sababu yenyewe, hata ikiwa ya kijinga.